Nani Anakata Figili?

Baba yangu alimwoa mama yangu angali kijana, akaishi naye mpaka akamzika, na katika miaka yote hiyo hakumwita jina lake hata siku moja. Alimwita "Oi." Oi, chai. Oi, soksi zangu ziko wapi? Oi, mvua hiyo, anua nguo. Mama aliitwa Shizu, jina fupi, zuri, halimchoshi mtu ulimi. Lakini wapi! Nilipokuwa msichana niliapa kwamba mwanamume atakayeniita Oi nitamtwanga na sufuria. Nikaolewa, nikaitwa Oi, nikarudi kwetu, mji wa Chichibu, na mtoto mgongoni. Kwa hiyo ninapowasimulia habari za baba yangu, Eizo Kuwabara, fundi tatami na mpuliza filimbi, msitegemee nitamremba. Hasira zangu naye bado ziko palepale.

Kazi aliijua, hilo simnyimi. Mikeka ya tatami ya nusu ya nyumba za mtaa wetu imepita mikononi mwake. Kiwiko chake cha kulia kina sugu ngumu kama kisigino kwa ajili ya kukandamiza majani kila anapokaza uzi. Na kila asubuhi, kabla hajagusa sindano wala chai, alichukua shakuhachi yake, filimbi nene ya mwanzi inayopulizwa kwa kusimamishwa, akapiga sauti moja tu, ile ya chini kabisa inayoitwa Ro. Sauti moja! Aliishika, akavuta pumzi, akaishika tena, mpaka uji wangu ukapoa. Ukimuuliza kwa nini, anakujibu kwamba Ro ndiyo mlango na mtu haingii nyumbani kwa dirisha. Jioni, baada ya kazi, ndipo alipopiga nyimbo zenyewe. Mwalimu wake wa zamani alimshauri ajirekodi asikie makosa yake, basi akawa anaweka kinasa sauti cha kaseti pale mlangoni kati ya karakana na jikoni, anabonyeza, anapuliza. Kaseti zikajaa boksi zima.

Mama alifariki majira ya baridi. Baba hakulia. Alikaa wima msibani, akawainamia wageni, akasema asanteni kwa kuja, basi. Kisha kila jioni akawa anajifungia karakanani na lile boksi la kaseti na vipokea sauti vyake vikubwa masikioni, macho kayafumba. Mnajua nilichofikiri? Nilifikiri anajisikiliza mwenyewe. Mtu kafiwa na mke, hata maua kwenye kabati la ibada hayajanyauka, na yeye anakaa kujisifu jinsi alivyokuwa anapuliza ujanani! Nilikuwa nikipita na ndoo ya maji naitua chini kwa kishindo makusudi, na hata hageuki.

Sasa ikawa inakaribia Bon ya kwanza ya mama, sikukuu ya wafu. Mwezi wa nane marehemu wetu hurudi nyumbani, na yule aliyefariki mwaka huo anarudi kwa mara ya kwanza, bado mgeni wa njia, kwa hiyo tunamtundikia taa nyeupe mlangoni asije akapotea. Baba alishatangaza mtaa mzima kwamba atampokea kwa filimbi. Ni mara ya pekee niliyomsikia akitaka kumfanyia mama kitu. Tatizo ni kwamba pumzi ilikwishamwishia. Uzee, na vumbi la majani alilolivuta maisha yake yote. Ro yake ilikuwa inatoka, inatetemeka, inakatika. Wimbo mzima ulikuwa haufiki hata nusu. Nami, pamoja na hasira zangu zote, nilitaka apige. Nilitaka mama apate, walau akiwa marehemu, alichonyimwa akiwa hai: mume anayesimama mbele za watu na kufanya jambo kwa ajili yake.

Binti yangu Chinatsu akafika kutoka Tokyo wiki chache kabla, na masanduku ya waya na vitufe. Kazi yake ni muziki wa mashine. Anasimama jukwaani, anachukua sauti papo hapo, anaikata, anairudisha, anaivuta, vijana wanaruka mpaka wanalowa jasho. Mimi siuelewi sana huo muziki, ila bili zake analipa mwenyewe.

"Babu," akamwambia, "wewe puliza tu. Pumzi ikikatika, mashine itaikamata Ro yako ikushikie mpaka uvute nyingine."

"Mashine ina mapafu?"

"Haina. Ndiyo maana inaazima ya kwako."

"Yangu yenyewe ya kuungaunga, halafu inaniazima!" Lakini alishaanza kuifungua filimbi kwenye mfuko wake wa kitambaa.

Mara ya kwanza alipopuliza na spika ikamrudishia sauti yake kutoka pembe ya karakana, aliruka. "Ala! Nani huyo anayenijibu?"

"Ni wewe, babu."

"Mfundishe adabu. Mkubwa hajamaliza kusema, yeye keshadakia."

Chinatsu alicheka mpaka akakaa chini. Akasogeza kitufe, sauti ikachelewa kidogo, baba akatikisa kichwa na kusema sasa huyo kalelewa. Kwa siku kadhaa nyumba ikawa na uhai. Wanabishana, wanapigiana kelele, wanakula tambi baridi palepale juu ya tatami isiyokwisha kushonwa. Alimfundisha kwamba ule upepo unaosikika pamoja na sauti, ule mkwaruzo wa pumzi kwenye mwanzi, usiondolewe. "Hiyo kelele ndiyo nusu ya filimbi," akamwambia. "Ukiitoa umebaki na mluzi wa polisi." Chinatsu akaitikia, ndiyo babu, nimeelewa.

Kumbe kaelewa nusu.

Alimwomba zile kaseti. Alitaka Ro ya babu kijana iishike mkono Ro ya babu mzee, hivyo ndivyo alivyosema, na mzee akakataa, akanuna, mwisho akampa boksi kama mtu anayeng'olewa jino. "Usinichezee," akasema. Chinatsu akajifungia nazo chumbani. Zilikuwa na ukungu, joto la huku kwetu na unyevu wake linakula kila kitu, na mkanda mmoja ulinasa ukakatika. Akazinakili zote kwenye kompyuta yake. Akazisafisha. Kisha, kwa kuwa zilinuka na zilishanakiliwa, asubuhi ya zamu ya taka zisizochomeka akazifunga kwenye mfuko unaoonyesha ndani, kama sheria ya mtaa inavyotaka, akazipeleka kituoni pa taka. Mtoto mwenye nidhamu! Hata vifuniko alivitenganisha.

Jioni hiyo akamwita babu yake, akamvisha vipokea sauti kwa mikono yake mwenyewe. Uso ulikuwa unamng'aa. "Sikiliza, babu. Kama vile ulipiga jana."

Baba akafumba macho. Akasubiri. Nikamwona anakunja uso, anabonyeza vile vipokea sauti masikioni kwa viganja, anainama.

"Yuko wapi?"

"Nani, babu?"

"Nimeuliza yuko wapi!"

"Ni wewe huyo. Nimetoa kelele tu, miungurumo, vyombo, ili filimbi..."

Alivivua akavitupa ukutani. Sijawahi kumwona baba yangu akitupa kitu. Hata sindano ikimchoma huiweka chini taratibu. "Umemfuta!" akapiga kelele. "Umemfuta kama doa!"

Hapo nami mori ukanipanda. Mtoto kaacha kazi zake Tokyo, kahangaika na takataka zake zenye ukungu, malipo yake ndiyo hayo? Nikamtolea uvivu. "Baba, huna haya? Kila siku unajisikiliza wewe, wewe, wewe! Mama kafa na wewe unapenda filimbi yako! Mtoto kakusafishia sauti yako uisikie vizuri, na bado hutosheki?"

"Nani kakuambia nilikuwa najisikiliza?" "Mama yako alikuwa jikoni. Kinasa sauti kilikuwa mlangoni. Nikimaliza wimbo nilikuwa namuuliza ilikuwaje, naye ananijibu. Kila kaseti. Yumo kila kaseti."

Chinatsu akatoka mbio hata viatu hakuvaa vizuri. Alirudi giza likiingia. Gari la taka lilikwishapita tangu asubuhi, na huko linakopeleka walimwambia kila kitu kimeshasagwa. Kwenye kompyuta je? Zile nakala za kwanza, chafu, alizifuta ili kupata nafasi. Akakaa kwenye kizingiti akilia mpaka kamasi zikamtoka.

Mnadhani nilimhurumia baba? Hasira zilizidi mara mbili. Tangu majira ya baridi alikuwa na sauti ya mama yangu masikioni mwake, anaisikia kila jioni, na mimi nipo chumba cha pili natafuta hata picha moja ambayo hajaangalia pembeni! Mimi sikufiwa? Mimi si mtoto wake? Angenyoosha tu mkono, akasema Kazue, njoo usikie. Maneno matatu. Nikamwambia hayo yote, tena kwa sauti ambayo Bi Tokue wa duka la tofu, jirani yetu, aliisikia akafunga dirisha lake, na Bi Tokue hafungi dirisha kwa jambo dogo.

Baba akairudisha filimbi kwenye mfuko, akafunga kamba. "Sipigi tena," akasema. "Mtundike taa, inatosha."

Na hakupiga. Hata Ro ya asubuhi hakupiga. Kwa mara ya kwanza uji wangu ulikuwa moto, nami nikauacha mezani ukapoa.

Siku chache kabla ya Bon Chinatsu akaamua kufungasha. Alisema hawezi kukaa mle ndani babu yake asipomtazama. Nilikuwa jikoni, mikono kwenye maji, naye karakanani akijaribu waya zake moja baada ya nyingine kabla ya kuzikunja, na akawa ameacha wimbo wake mmoja wa Tokyo ukicheza chinichini. Tak-tak-tak, tak, tak-tak. Mdundo mkavu, mwepesi. Mara nikasikia ngazi zinalia. Baba alikuwa anashuka kutoka juu, miguu mitupu, nywele zimesimama kwa kulala.

"Nani anakata figili?"

"Hakuna anayekata kitu," nikamjibu bila kumgeukia.

"Nasikia figili." Akanipita. "Siyo karoti hiyo, karoti ina mlio mgumu. Siyo tango. Figili, na kisu kile kipana." Akasimama mbele ya spika na kuinyooshea kidole. "Hapa. Nani anakata figili humu?"

"Babu, hiyo ni ngoma," Chinatsu akasema. "Ni mdundo tu wa..."

Nikaona rangi inamtoka usoni.

"Umeutoa wapi?"

Ikabidi aeleze, na alieleza huku anakwama. Watu wa kazi yake hawatupi mabaki. Mashine inapotenganisha kelele na muziki, kile kilichotolewa unaweza kukiweka kando, nao hukiweka, kwa sababu mlango unaolia au kifuniko kinachoanguka ukikikata vizuri kinakuwa ngoma. Mabaki ya kaseti aliyaweka kwenye fungu la ngoma, pamoja na makorokoro mengine elfu, akachomoa vipande vichache vilivyomkaa sikioni bila kuyasikiliza yote wala kuuliza ni vya nini. Wikiendi ile kabla ya ugomvi alikwenda Tokyo na kurudi, akavipiga kwenye ukumbi wa muziki, na mabaki yenyewe hakuyakumbuka tena.

"Subiri," nikasema, maji yananidondoka mikononi. "Yaani mama yangu anachezewa disko?"

"Mama, sikujua!"

"Bibi yako anakata figili ya supu, vijana wanakatika viuno?"

"Waliupenda sana," akasema kwa sauti ndogo, na hapo nilitamani kumchapa na kumkumbatia kwa mkono uleule.

Baba alikuwa hatusikii. "Hayo mabaki," akasema. "Yote unayo?"

Tulikaa watatu kwenye tatami. Chinatsu akayafungulia yalivyo, bila filimbi. Nyumba yetu ikatoka kwenye spika. Maji ya bomba. Kifuniko cha sufuria. Mtangazaji wa mieleka kwenye televisheni. Kikohozi cha baba mwenyewe, cha ujana. Ndara za mama, zile alizozikokota maisha yake yote na zilizokuwa zikinifanya nimgombeze. Halafu, kwa mbali, nyuma ya mvumo wa mkanda: "Umekimbia katikati. Rudia. Maji ya kuoga yanapoa."

Baba aliinuka akatoka nje. Tulimwacha. Mimi niliziba uso kwa aproni, na sitasema zaidi.

Aliporudi alikuwa ameishika filimbi. "Nitapiga," akamwambia Chinatsu. "Ile Ro ya kaseti siitaki. Pumzi iwe ya leo, hata ikiwa mbovu. Kisu, maji, ndara, weka. Lakini sauti yake usiiguse mbele za watu. Sauti yake siyo ngoma."

"Sawa, babu."

"Sema tena."

"Sitaigusa."

Bon ikafika. Tuliwasha moto mdogo wa mabua mlangoni jua likiwa bado liko juu ya mlima, taa nyeupe ikining'inia. Chinatsu alitengeneza farasi wa tango mwenye miguu mirefu ya vijiti, ili bibi yake aje upesi, na ng'ombe wa biringanya mnene, ili aondoke polepole. Majirani walijaa karakanani, wamepiga magoti. Bi Tokue alileta tofu, akaiangalia mitambo na kuninong'oneza, "Kazue, hizi waya hazitamtisha marehemu?" Nikamwambia marehemu aliishi na mke mwenza wa mwanzi, haogopi kitu. Mzaha wenyewe haukunichekesha hata mimi. Nilikuwa nimechoka na nina hofu.

Baba akainama mbele ya picha. Akapiga Ro.

Ilitoka na upepo wake wote, ile nusu ya kelele, na ikatetemeka. Alipoishiwa, mashine haikumfunika. Ilichukua mkia wa pumzi yake, ikaushikilia pale pembeni, chini, na ndani yake kisu kikaanza. Tak-tak-tak. Bi Tokue akageuza shingo kutazama jikoni kwetu. Baba akavuta pumzi nyingine, akaingia. Maji yakamiminika. Ndara zikapita kutoka spika ya kushoto kwenda ya kulia, palepale mama alipokuwa akipita. Nilimwona Chinatsu akihema pamoja na babu yake, bega linapanda naye, linashuka naye, mkono kwenye vitufe. Katikati, mahali wimbo unapopanda, baba aliharakisha. Hata mimi nisiyejua nilisikia. Lakini alifika mwisho. Wimbo mzima, alifika.

Kisu kikanyamaza. Baba akaishusha filimbi magotini. Watu hawakupiga makofi, si mahali pake. Na yeye, jasho linamtiririka, macho kayafumba, kwa mazoea ya maisha yake, akageuza kichwa upande wa jikoni.

"Oi. Ilikuwaje?"

Chinatsu alikuwa amekunja mikono, kaahidi na ameshika ahadi. Majirani wakatazama chini. Baba akasubiri. Akaendelea kusubiri, kichwa kimegeukia jikoni ambako hakuna mtu.

Sijui nilisimama saa ngapi.

"Ana jina!" nikapiga kelele. Mbele ya majirani, mbele ya ubani, mbele ya mama. "Kakupikia, kakufulia, kakusahihishia filimbi yako mpaka kafa, na amekuja njia yote hiyo, unamwita Oi? Oi ni nani? Ana jina, baba! Mwite!"

Bi Tokue alinivuta nguo. Nikajinasua. Nilikuwa nalia, na nilikuwa na hasira kiasi cha kung'oa ile taa.

Baba alifungua macho akanitazama. Mdomo ukafunguka, ukafunga. Uliponitoka ule ukali nilidhani atanifukuza. Akageuka, si upande wa jikoni sasa, bali upande wa picha.

"Shizu," akasema. Lilimtoka vibaya, kama neno la lugha ya kigeni. Akalijaribu tena. "Shizu. Ilikuwaje?"

Chinatsu akanitazama, akamtazama babu yake. Mzee akaitikia kwa kichwa, kidogo sana.

Chinatsu akabonyeza.

"Umekimbia katikati," mama akasema kutoka jikoni. "Rudia. Maji ya kuoga yanapoa."

Mtu mmoja alicheka, mwingine akashikwa na kwikwi. Baba yangu akajifuta uso kwa kile kiwiko chake chenye sugu.

"Haya, Shizu," akasema, akaipandisha filimbi mdomoni, akarudia.